Anayekukatalia ni nani? Jibu kuhusu moduli za Python zinazogoma kwenye Ubuntu

Swali: Nilinunua laptopu ya mtumba hapa mjini nikaweka Ubuntu 24.04. Najifunza Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, peke yangu. Mjomba ana ploti ya vyumba vya kupangisha huku Kasarani, nami nataka kumtengenezea mfumo wa kufuatilia kodi. Nilipoandika `pip install mysqlclient`, amri ya kusakinisha moduli inayounganisha Python na hifadhidata ya MySQL, nikajibiwa `externally-managed-environment`. Nikashauriwa niongeze `--break-system-packages`, nikaongeza, kisha nikaweka na sudo (mamlaka ya msimamizi) mbele. Skrini ikajaa maandishi mekundu. Mwingine akaniambia Python yangu ni ya zamani, nikaweka 3.13 na kuifanya ndiyo `python3` ya mashine nzima. Sasa hata terminali, lile dirisha la kuandikia amri, haifunguki. Bando nimemaliza, na rafiki yangu ananicheka, anasema kwake kwenye Windows mysqlclient iliingia mara moja. Shida iko wapi?

Jibu: Dada, tuanze na terminali, maana bila hiyo mengine yote ni porojo.

Ubuntu hutumia Python kwa kazi zake yenyewe. Ile terminali ya GNOME unayobofya huanzishwa na skripti ndogo ya Python. `add-apt-repository` ni Python. Hata ule ujumbe wa kukupendekezea programu unapokosea jina la amri hutoka kwenye Python. Zote hizo zinaita `/usr/bin/python3` zikitarajia kukutana na 3.12, toleo lililokuja na Ubuntu 24.04, pamoja na moduli zilizojengwa kwa ajili ya 3.12. Ulipoelekeza jina hilo kwa 3.13, skripti ya terminali iliamka, ikatafuta moduli zake, ikazikosa, ikafa kimya kimya. Hakuna kilichoharibika kabisa. Ni kiungo kimoja tu kinachoelekea pasipofaa.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Utaona skrini nyeusi inayokuuliza jina na nenosiri. Ukiandika nenosiri hakuna kitakachoonekana, usishtuke, andika tu na ubonyeze Enter. Halafu:

```
sudo update-alternatives --remove-all python3
sudo ln -sf /usr/bin/python3.12 /usr/bin/python3
python3 --version
```

Mstari wa kwanza ukilalamika kwamba hakuna kitu cha kuondoa, endelea na wa pili. Ule wa tatu ukikujibu 3.12, rudi kwenye skrini ya kawaida kwa Ctrl+Alt+F2, au F1 kama hiyo haikuleta kitu, na ufungue terminali. Hiyo 3.13 iache ilipo. Ukiihitaji, iite kwa jina lake kamili, `python3.13`, na hakuna atakayegombana na mwingine.

Sasa kiini cha swali lako. Ukiisoma barua yako upya utaona kwamba ulikataliwa mara kadhaa, na waliokukatalia ni tofauti. Wewe uliwachukulia wote kuwa mmoja, ukawa unaongeza nguvu kila mara: kwanza bendera ya kulazimisha, kisha sudo, kisha Python mpya. Nguvu dhidi ya mtu asiye na shida nawe haisaidii. Mimi mtu akiniletea mashine yenye moduli inayogoma, hata kabla sijagusa kibodi namuuliza anayekataa ni nani: ni Ubuntu, ni pip (kisakinishi cha moduli za Python), ni kompaila (programu inayojenga msimbo), au ni mtandao? Kila mmoja ana lugha yake, na ukishamtambua, dawa huwa fupi.

Wa kwanza alikuwa Ubuntu. Ujumbe wa `externally-managed-environment` si hitilafu hata kidogo. Ndani ya `/usr/lib/python3.12/` kuna faili inayoitwa `EXTERNALLY-MANAGED`, na pip ikiiona inajizuia. Ni utaratibu waliokubaliana watu wa Python katika waraka unaojulikana kama PEP 668. Ubuntu iliuanza na toleo la 23.04, Debian na toleo la 12, yote mwaka 2023. Ndiyo sababu mafunzo mengi ya zamani mtandaoni yanakuambia uandike `pip install` moja kwa moja: wakati huo ilikuwa inapita. Na kwa kuwa ilikuwa inapita, watu walikuwa wakibadilisha moduli zinazosimamiwa na apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, kisha wanashangaa siku mashine inapokataa kupokea masasisho. Kosa ulilolifanya na 3.13 ni la ukoo huohuo, ila kwa njia nyingine.

Basi tufagie kidogo. Kilichoingia kwa sudo kimekaa hapa:

```
python3 -m pip list --path /usr/local/lib/python3.12/dist-packages
```

Na kilichoingia bila sudo kimekaa kwenye `~/.local/lib/python3.12/site-packages`. Kama pip haikupatikana, iweke kwa `sudo apt install python3-pip`. Ukiona Django na wenzake pale, viondoe kwa `pip uninstall --break-system-packages` ukitaja jina la kila kimoja, na sudo mbele kwa vile vya `/usr/local`. Hapa tu ndipo ninapoikubali bendera hiyo, kwa sababu unatoa ulichokiingiza mwenyewe. Usiguse chochote kilicho ndani ya `/usr/lib/python3`. Hicho ni cha apt.

Mahali pa kuweka moduli za mradi ni mazingira pepe, yaani folda moja yenye Python yake na pip yake, ambayo ukichoka nayo unaifuta na mashine haijui lolote:

```
sudo apt update
sudo apt install python3-venv
mkdir -p ~/miradi/kodi
cd ~/miradi/kodi
python3 -m venv pepe
source pepe/bin/activate
```

Baada ya mstari wa mwisho, jina `pepe` litatokea mwanzoni mwa mstari wa amri. Kuanzia hapo `pip install` haitakutajia tena `externally-managed`. Angalizo moja ambalo huwaponyoka hata wazoefu: ukiwa ndani ya mazingira pepe usiandike sudo mbele ya pip. Sudo haibebi njia zako za utafutaji, inarudi kwenye pip ya mfumo, na utakuwa umetoka nje ya uzio bila kujua. Ukiwa na shaka, andika `python -m pip --version`. Itakuonyesha njia ya folda inayotumika, na njia hiyo lazima iwe na `miradi/kodi/pepe` ndani yake. Kila ukifungua terminali mpya, lazima uandike tena ule mstari wa `source`. Wengi wanaoniandikia kwamba "moduli imepotea usiku" walisahau hilo tu.

Sasa tufike kwa yule wa maandishi mekundu, maana huyu atakukatalia hata ndani ya mazingira pepe.

Watu huisoma hitilafu ya pip kutoka chini, kwa kuwa ndipo macho yanapoangukia. Chini utakuta mstari unaosema: *This error originates from a subprocess, and is likely not a problem with pip*. Pip yenyewe inakuambia kwamba si yeye. Kuna mtu mwingine aliyeitwa kufanya kazi akashindwa, na maneno yake yako juu. Pandisha skrini mpaka upate lalamiko la kwanza, si la mwisho. Kwa mysqlclient kwenye Ubuntu mpya, mara nyingi ni moja kati ya haya:

```
/bin/sh: 1: pkg-config: not found
Exception: Can not find valid pkg-config name.
fatal error: Python.h: No such file or directory
error: command 'x86_64-linux-gnu-gcc' failed
```

Kwa nini gcc, ambayo ni kompaila ya lugha ya C, inaingilia mambo ya Python? Kwa sababu mysqlclient si Python tupu. Ni ganda jembamba la C linalounganisha Python na maktaba ya MySQL yenyewe. Moduli za aina hii hupatikana kwa namna mbili: faili ya `.whl` iliyokwisha kujengwa, ambayo pip inaifungua na kuipachika tu, au msimbo chanzo, ambao lazima ujengwe kwenye mashine yako. Waandishi wa mysqlclient huweka faili zilizojengwa kwa ajili ya Windows. Kwa Linux wanaweka msimbo chanzo tu. Basi rafiki yako hakukuzidi ujanja, wala Windows haijaizidi Linux hapa. Yeye alipokea kitu kilichopikwa, wewe ukapewa unga na kuambiwa washa jiko.

Jiko lenyewe ni hili:

```
sudo apt install build-essential python3-dev pkg-config default-libmysqlclient-dev
```

`build-essential` inaleta gcc na wenzake. `python3-dev` inaleta `Python.h` na faili nyingine za aina hiyo, ambazo zinaieleza C namna ya kuongea na Python. `default-libmysqlclient-dev` inafanya vivyo hivyo kwa upande wa MySQL, na `pkg-config` ndiyo inayoulizwa faili hizo zimewekwa wapi. Ndiyo maana sudo haikukusaidia. Hukukosa ruhusa, ulikosa faili. Hata root, mwenye mamlaka yote kwenye mashine, hawezi kusoma faili ambayo haipo.

Ukirudi sasa ndani ya mazingira pepe na kuandika `pip install django mysqlclient`, itakaa kimya kidogo ikijenga, halafu itamaliza. Thibitisha kwa:

```
python -c "import MySQLdb; print(MySQLdb.__version__)"
```

Ndiyo, jina la kuita si jina la kusakinisha. Unasakinisha mysqlclient, unaita MySQLdb. Python imejaa vituko hivi: Pillow huitwa PIL, opencv-python huitwa cv2, PyYAML huitwa yaml, beautifulsoup4 huitwa bs4. Kabla ya kuapa kwamba moduli imekataa kuingia, hakikisha hukukosea jina. Na usiandike faili yako mwenyewe kwa jina la moduli. Ukiwa na `django.py` ndani ya folda ya mradi, Python itaichukua hiyo kwanza na kukuambia mambo ya ajabu.

Kama siku moja utaamua kutumia ile 3.13, ujue kwamba `python3-dev` ni ya 3.12 peke yake. Utahitaji `python3.13-dev` na `python3.13-venv` kutoka kulekule ulikoipata 3.13, la sivyo `Python.h` italia tena ilhali una hakika uliiweka. Hapa ndipo ule ushauri wa "Python yako ni ya zamani" unapokuwa na madhara kuliko faida. 3.12 si ya zamani kwa Django. Kinyume chake, ukikimbilia toleo jipya sana utakuta moduli ambazo waandishi wake bado hawajazijengea faili za `.whl`, na utarudi kwa gcc. Kuna pia kisa cha upande wa pili: tangu 3.12, ile moduli ya zamani ya `distutils` iliondolewa kwenye Python. Ukiona `No module named 'distutils'`, unachokisakinisha ndicho cha zamani. Tafuta toleo lake jipya kabla ya kufikiria kurudisha Python nyuma.

Njia hii ya kutafuta lalamiko la kwanza haikomei kwa MySQL. Ukisakinisha psycopg2 ya PostgreSQL na kuambiwa `pg_config executable not found`, anayetakiwa ni `libpq-dev`, au chukua `psycopg2-binary` iliyojengwa tayari, inatosha kabisa kwa kujifunzia. Ukiona jina la faili inayoishia na `.h` usilolijua, nenda kwenye tovuti ya packages.ubuntu.com, sehemu ya kutafuta yaliyomo ndani ya vifurushi, uandike jina hilo. Itakutajia kifurushi cha apt kinachoileta. Mara nyingi jina lake huishia na `-dev`.

Nije kwenye bando, ambalo kwa mtu anayejifunza kwa pesa zake Nairobi si jambo dogo.

Kwanza, apt ni mwungwana. Kabla ya kuanza kupakua huandika *Need to get* na idadi ya megabaiti, kisha, kama kuna vifurushi vya ziada, hukuuliza Y au n. Soma hapo kabla ya kukubali. Pip haiulizi, lakini huhifadhi ilichopakua ndani ya `~/.cache/pip`, kwa hiyo ukirudia amri ileile inaandika *Using cached* na haili bando tena. Ila uliposakinisha kwa sudo, kashe iliyotumika ni ya root, si yako. Ndiyo maana ulipakua vitu vilevile mara mbili.

Pili, siku ukipata Wi-Fi nzuri, ofisini kwa mtu au popote, ukiwa na laptopu yako hiyohiyo na ile `build-essential` na wenzake wameshaingia, fanya hivi ndani ya mazingira pepe:

```
pip wheel -w ~/pakiti django mysqlclient
```

Amri hii inapakua, inajenga, na kukuwekea faili za `.whl` zilizokamilika ndani ya `~/pakiti`, za Django na mysqlclient pamoja na za vyote zinavyovitegemea. Baadaye, nyumbani, bila hata chembe ya intaneti:

```
pip install --no-index --find-links ~/pakiti django mysqlclient
```

Zinaingia kwa sekunde, hata kwenye mazingira pepe mapya, bila gcc kuguswa. Nimependekeza `pip wheel` wala si `pip download` kwa makusudi. `pip download` ingekuletea msimbo chanzo wa mysqlclient, na wakati wa kuujenga pip ingetaka tena kwenda mtandaoni kuchukua zana za ujenzi. Faili hizo unaweza kumpa mwenzako kwa flashi, mradi ana Python ya toleo lilelile, prosesa ya aina hiyohiyo na Ubuntu kama yako, naye ana maktaba ya MySQL ya apt.

Tatu, na hili linawahusu wenye laptopu za mtumba: angalia saa. Mashine zilizokaa stoo muda mrefu huwa na betri ndogo ya ubao iliyokufa, ile ya duara inayoitwa CR2032. Ukizima mashine na kuchomoa chaji, tarehe inarudi nyuma. Halafu pip inakuambia `certificate verify failed`, na apt inakuambia kwamba faili ya Release *is not valid yet*. Watu huanza kuzima ukaguzi wa vyeti, jambo la hatari bure, ilhali mashine inaamini tu kwamba bado ni siku za nyuma. Andika `timedatectl`. Kama tarehe si ya leo, andika `sudo timedatectl set-ntp true` na uunganishe mtandao kwa dakika moja. Betri yenyewe ni bei ya chini, duka lolote la vifaa vya umeme Luthuli Avenue wanayo. Ila kwenye laptopu nyingine hukaa chini ya kibodi, na hapo mwachie fundi.

Kama kinachokuja ni `Read timed out`, huyo ni mtandao tu. Pip husubiri sekunde 15 kisha hujaribu tena, na kwa laini ya simu jioni ambapo mtaa mzima uko mtandaoni, sekunde hizo hazitoshi. Ongeza `--timeout 100` mwishoni mwa amri.

Kabla hujafanya yote haya, hata hivyo, nina swali kwako. Mjomba ana vyumba vingapi? Kwa ploti moja, na mtu mmoja au wawili wanaoingiza malipo, huhitaji MySQL leo. Django huja na mpangilio wa SQLite tayari, moduli yake imo ndani ya Python, na hifadhidata yote ni faili moja unayoweza kuinakili kwenye flashi kila Jumamosi. Ukianza hivyo, orodha yako ya kusakinisha inabaki `pip install django`, Python tupu, hakuna gcc wala `.h`. Andika jedwali la vyumba, la wapangaji na la malipo, mjomba aanze kuona nani amelipa na nani anadaiwa. MySQL utaihitaji mfumo ukihamia kwenye seva na kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na siku hiyo utabadilisha kipande cha `DATABASES` kwenye `settings.py` na kuhamisha data kwa `dumpdata` na `loaddata`. Kuna pia PyMySQL, ambayo ni Python tupu na haihitaji kujengwa. Inafanya kazi, lakini Django haiiungi mkono rasmi, na nyaraka zake zinapendekeza mysqlclient.

Ukikwama tena, niandikie, lakini safari hii usinitumie picha ya sehemu ya chini ya skrini. Endesha `pip install mysqlclient 2>&1 | tee kosa.txt`, unitumie faili hiyo nzima, pamoja na majibu ya `which python`, `python -m pip --version` na `timedatectl`.